Mguu wa Feri

Kaka yangu alikuwa na mguu mmoja wa kutembelea na mwingine wa kusimamishia baiskeli. Wa kusimamishia ulikuwa wa kulia. Hata akiwa amelala ungeujua, kwa sababu kisigino chake kilikuwa kigumu na cheusi, na kandambili zake za tairi zikikaa mlangoni, ya kulia ilikuwa imekwisha wakati ya kushoto bado nene. Fundi viatu wa mtaani kwetu Kinama alishamzoea. Akimwona kwa mbali tu, anachukua kipande cha tairi na kuanza kukata soli moja, huku akimtania kwamba atazeeka upande mmoja.

Kazi yake ilikuwa kuteremsha ndizi. Asubuhi anapanda barabara ya Bugarama akiwa ameshika mkia wa lori kwa mkono mmoja, baiskeli inavutwa, moshi wote unaishia kifuani mwake. Huko juu anafunga mikungu mpaka baiskeli haionekani, kisha anateremka nayo hadi mjini, kona baada ya kona. Feri, ndivyo tunavyoita breki kwetu, hazifai kitu kwenye mteremko ule na mzigo ule. Zinaungua. Kwa hiyo wateremshaji wote wana desturi moja: mguu wa kulia unatoka kwenye pedali, unarudi nyuma, na soli inakandamizwa juu ya tairi la nyuma mpaka itoe moshi. Mguu wa kushoto unatulia tu mahali pake, maana baiskeli ya kawaida ukiacha kukanyaga, gurudumu linakwenda lenyewe. Hakuna anayefundishwa. Anayeshindwa hatumwoni tena, na hata wanaoweza, wengi hatuwaoni tena.

Sikuipenda kazi ile na sikuficha. Nina mdomo, marehemu baba alisema nilianza kugomba kabla ya kutambaa. Kila mwenzake mmoja alipofia barabarani, nilikaa mlangoni nikamsubiri arudi nimwashie moto.

"We unangojea nini kule? Zamu yako?"

Anavua kandambili, anacheka, anaomba maji. Mama alinikataza kumtabiria mtu mabaya. Lakini yeye mwenyewe hakugusa chakula cha jioni mpaka asikie baiskeli inaegemezwa ukutani.

Halafu mafuta yakaadimika. Aliyekuwa Bujumbura miaka hii hahitaji kuelezwa: magari yamepangwa barabarani kuelekea kituo cha mafuta ambacho hakina mafuta, wenye magari wamelala humo humo. Mimi nilikuwa nafua nguo kwenye nyumba moja Mutanga Nord, nikawa naenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mama mwenye nyumba akinuna kwamba nachelewa. Kwa kaka ilikuwa mbaya zaidi. Malori yalipopungua, hakukuwa na mkia wa kushika. Akawa anasukuma baiskeli kwa mikono mlima mzima, anafika juu magoti yanatetemeka, kisha anafunga mzigo na kuteremka na magoti yale yale. Nilimwona anakonda nikajua siku zake zinahesabika, na nilimwambia hivyo hivyo, bila kupaka sukari.

Ndipo tukasikia habari za pista.

Kulikuwa na mzee mmoja anayekaa Kinanira, aliyeishi Ulaya miaka mingi na kushindana huko kwa baiskeli za kuzunguka uwanjani. Alirudi na kontena la baiskeli za zamani. Akaomba ua wa ghala la kahawa lililofungwa, upande wa viwandani, akainua pembe mbili kwa kifusi na saruji, akachora mstari mweusi kuzunguka. Ndiyo ikawa pista. Alisema pista ya kweli imetengenezwa kwa mbao na imeinuka pande zote kama bakuli, akatuonyesha kwenye simu. Kaka alitazama, akasema, "Kama ile ni bakuli, basi sisi ndo maharagi."

Kocha, ndivyo tulivyomwita, alitafuta watu wenye miguu. Aliahidi kwamba atakayeiweza baiskeli yake ataingia kambini: atalala huko, atakula huko, nyumbani kwake kutapelekwa kitu kila mwezi, na baadaye atapelekwa nje kushindana. Wengi walisikia neno nje. Mimi nilisikia neno kambi, mahali ambapo si mlimani. Kwangu pista haikuwa mchezo. Ilikuwa njia ya kumtoa kaka yangu kwenye barabara ile akiwa bado anapumua, basi.

Jumapili ya kwanza nilimsindikiza mwenyewe, nimebeba chakula chake kwenye bakuli, nikiogopa atakata kona aende kunywa chai na wenzake. Kocha alimtolea baiskeli nyembamba, haina hata waya mmoja. Kaka aliizunguka akiitafuta feri kama mtu anayetafuta mlango.

"Hii haina feri," kocha alimwambia. "Na haina kupumuzika. Gurudumu ikizunguka, pedali inazunguka, na muguu yako inazunguka nayo. Hakuna kuacha. Ukitaka kupunguza, unakatalia na miguu, unasukuma nyuma, doucement, polepole. Umesikia?"

"Feri ndo mimi mwenyewe," kaka alisema, akajipiga paja. Kocha alilipenda jibu hilo.

Alipanda, akaondoka, na upande ulionyooka alikwenda vizuri kiasi kwamba kocha alianza kupiga makofi. Miguu ile ilikuwa imesukuma ndizi za nusu ya mji. Kisha pembe ikaja, ukuta wa ghala ukaja nyuma ya pembe, na nikaona mguu wa kulia unatoka kwenye pedali, unarudi nyuma kulitafuta tairi. Pedali ile haikusubiri. Ilizunguka ikampiga kwenye muundi, baiskeli ikamtupa, akaserereka kwenye saruji kwa kiwiko. Aliinuka ameshangaa, kama mtu aliyezabwa kofi na mwanawe.

Akapanda tena. Pembe ile ile, mguu ule ule, saruji ile ile. Vijana wengine watatu waliokuja siku hiyo, wasiowahi kwenda mlimani, waliyumba na kupiga kelele lakini miguu yao ilibaki mahali pake. Kaka, ambaye angeweza kuwabeba wote watatu juu ya mikungu, ndiye aliyelala chini kila mzunguko. Mpaka jioni mguu wake ulikuwa umevimba, na damu imeingia ndani ya kandambili.

"Miguu iko na nguvu," kocha aliniambia mimi, kana kwamba ndimi niliyemleta sokoni. "Lakini ule mumoja uko na mambo yake."

Jumapili ya pili nilikuwa nimekaa kwenye tofali, kocha akanijia na baiskeli ndogo.

"Na we, dada? Umeshapanda velo?"

"Mi? Apana. Kwetu mwanamuke anakaa nyuma, tena miguu upande moja."

"Basi hauna kitu ya kusahau. Njo."

Nilipanda kwa hasira tu. Nilikuwa na suruali chini ya gauni, nikafunga kitambaa changu cha kichwa vizuri. Alishika tandiko, akanisukuma kando ya ukuta, na pedali zikaichukua miguu yangu. Sina neno jingine. Nilitaka kusimama zikakataa, nilitaka kupumua zikakataa, nikapiga kelele nikimwita mama yangu, na miguu ikaendelea kuzunguka chini yangu kama si yangu. Niliogopa kweli. Kocha alikuwa anakimbia pembeni akisema, "Usishindane nayo! Ifuate! Ifuate!" Nilipoacha kushindana, nikagundua kwamba nimeshapita upande mzima na kocha ameshaachia tandiko zamani.

Kwenye pembe nilianguka mara yangu ya kwanza. Niliogopa ule mwinuko nikapunguza, na pembe ile ukienda polepole inakumwaga chini kama maji. Ukitaka ikushike lazima uiendee kwa kasi, jambo ambalo akili yote ya mwili inakataa. Nilichubuka goti, suruali ikapasuka. Nikairudia nikiitukana pembe yenyewe kwa sauti, na ikanishika.

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. "Unakanyaga kama mutu anasaga mihogo!" Nilipopita mara ya pili alikuwa bado anacheka. Nilipopita tena alikuwa anautazama mguu wake wa kulia. Nilifurahi nikaona aibu kwa wakati mmoja. Mtu mwenye ustadi wake wote alikuwa chini, na mimi nisiyejua kitu nilikuwa naelea juu, na sababu ilikuwa ni hiyo hiyo, kwamba sikujua kitu.

Nyumbani mama alinusa habari kabla hatujavua viatu. Binti yake, mtoto wa watu wa dini, ametanua miguu juu ya chuma mbele ya wanaume. Alisema maneno yake yote, akamaliza, akauliza, "Na kaka yako?"

"Anaanguka."

Aliuweka ungo chini. "Kule kwenye saruji?"

"Kwenye saruji."

"Basi aanguke huko," mama alisema, akaendelea kupepeta mchele. Tangu siku hiyo hakusema neno juu ya suruali yangu.

Tulienda kila Jumapili. Kocha alijaribu kumfunga kaka miguu kwenye pedali kwa vipande vya mpira wa ndani. Sasa mguu ukitaka kutoka haukuweza, kwa hiyo alianguka na baiskeli nzima. Nilikuwa nasimama kwenye pembe namsubiri, na akikaribia napiga kelele, "Muguu! Muguu!" Naye ananiambia ninyamaze, anajua. Alijua kweli. Mguu ndio ambao haukujua.

Ndipo nikabuni dawa. Sikuambiwa na mtu, niliibuni mwenyewe nikiwa nafua, na niliiona dawa nzuri. Jioni kaka akiwa amekaa kwenye kigoda anakula, mimi nashika mwiko, napita nyuma yake kimya, halafu ghafla naita, "Feri!"

Mguu wa kulia unaruka nyuma. Pale pale, chini ya kigoda, soli inakwaruza sakafu ikitafuta tairi ambalo halipo. Na mimi nampiga mwiko wa goti. Mara ya kwanza alimwaga mchuzi. Mama alicheka, na mama hakuwa mtu wa kucheka. Ikawa mchezo wa nyumbani. Akinawa uso, feri! Akifunga kamba za mzigo, feri! Akisujudu sikumgusa, namwogopa Mungu, lakini akitoa salamu tu, feri! Mwenzake wa barabarani, jirani yetu aliyekuwa akiteremka naye kila siku, alitukuta siku moja katika upuuzi huo akasema sisi familia nzima tumepata wazimu.

Wiki zilienda, mguu ukaanza kusitasita. Naita feri, unatetemeka kidogo, unabaki. Baadaye hata kutetemeka ukaacha. Badala yake nikaona mapaja yote mawili yanakaza, kama kocha alivyotaka, yanakataa kwa kusukuma nyuma. Niliita mama aje aone. Nilifurahi kama mtu ambaye mgonjwa wake ameomba uji.

Jioni moja alirudi kutoka mlimani, akaegemeza baiskeli ukutani, akaanza kucheka peke yake.

"Leo kule kwenye kona, unajua nimefanya nini? Nimesukuma pedali nyuma. Ikazunguka bure, tik tik tik. Nimekanyaga upepo!"

"Halafu?"

"Halafu nikakumbuka, nikarudisha muguu. Si niko hapa?"

Tulicheka wote. Mimi nilisema, "Umepona." Neno hilo nililisema mimi, kwa mdomo huu.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia kocha kwa fahari. Yeye hakucheka. Alimwita kaka pembeni, nami nikawafuata kwa sababu sijui kukaa mbali na maneno.

"Acha mulima," kocha alimwambia.

"Karatasi ya kambi zikitoka nitaacha."

"Acha sasa. Mutu hana miguu ya namna mbili. Hii yako imeanza kuchagua."

"Nikiacha mulima leo, mama atakula pista?"

Kocha aliangalia chini. Alikuwa na baiskeli na maarifa, lakini karatasi za kambi zilikuwa kwenye ofisi ya watu wengine, na kila alipoenda aliambiwa mwenye mhuri ametoka. Na mshahara wangu wa kufua ulikuwa haujazi hata sufuria. Nilisema kwamba muhimu ni aendelee na mazoezi. Kaka akavaa kofia ngumu, akarudi kwenye mstari mweusi.

Na siku hiyo ndiyo aliyoiweza. Nataka niiseme vizuri kwa sababu ni kitu kizuri pekee nilicho nacho katika habari hii. Kocha alitaka azunguke umbali wa mashindano kamili, kwa kasi yote, kisha asimame kwa miguu tu pale alipochora mstari mwekundu. Kaka aliinama juu ya usukani akapotea. Kwenye pembe alipanda juu kabisa, akashuka kama anamwagwa, akanyooka. Nilisahau kupiga kelele. Miguu miwili ilizunguka sawasawa, hakuna wa kutembelea wala wa kusimamishia. Mwishoni ukuta wa ghala ulimjia kama siku zote, na mguu wa kulia haukutoka. Alisukuma nyuma, doucement, akapungua, akapungua, akasimama juu ya mstari mwekundu akiwa ameshika bega la kocha.

Kocha alimkumbatia na jasho lake. Akasema huyu jina lake limeshaingia kambini, karatasi zije zisije. Kaka alinitafuta kwa macho, akanyanyua mguu wa kulia juu, akaunyooshea kidole kama anautambulisha kwa watu. Nililia hadharani. Tukarudi Kinama kwa miguu, yeye akichechemea, tukiimba ovyo.

Jumatatu alipita kwa fundi viatu, akakatiwa soli mpya ya kulia. Jumanne alipanda mlimani kama Jumanne zote.

Nilikuwa Mutanga Nord, mikono ndani ya povu, jirani yetu alipofika getini. Hakuweza kuingia ndani kwa watu na nguo zile. Alikuwa na damu isiyo yake. Nilisuuza mikono, nikaikausha, nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba natoka. Akaniuliza nguo nani atamalizia. Sikurudi kwake tena.

Hospitalini kaka alikuwa ameshafunikwa. Walinipa vitu vyake ndani ya mfuko wa plastiki: shati, kamba za kufungia, kandambili mbili. Watu walikuwa wanalia kwenye ukumbi ule, kila mmoja na wake. Mimi nilikaa kwenye benchi, nikatoa kandambili ya kulia, nikaigeuza.

Ilikuwa safi. Unaelewa? Soli mpya iliyoteremka mlima mzima na mikungu ya ndizi ingekuwa nyeusi, imeungua, imelika upande wa ndani. Hii ilikuwa na vumbi la kawaida la kutembea, na alama za kisu cha fundi bado zinaonekana. Haikugusa tairi hata mara moja. Nilijua hapo hapo, kabla sijaambiwa na mtu yeyote, na nilitamani nisijue. Nilitamani niwe kama wale wanawake wengine pale, wanaolia tu bila kuelewa.

Tulimzika siku hiyo hiyo alasiri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Mama hakuuliza ilikuwaje. Alikaa kwenye mkeka, ameinyoosha miguu yake myembamba mbele, na kila aliyeingia alimwambia ni kazi ya Mungu, naye akaitikia. Mimi sikuitikia. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na lori, na mafuta, na mwenye mhuri, na kocha, na mwiko uliokuwa bado unaning'inia jikoni. Nilikwenda nikauvunja. Mama aliusikia ukivunjika, hakugeuka.

Kocha alikuja, akakaa nje na wanaume, kofia mapajani. Wakati wa kuaga alinifuata mlangoni.

"Nilimwambia aache mulima," alisema.

"Ulimwambia," nilisema. "Na mi nilimwambia aache muguu. Mimi ndo alinisikia."

Alivaa kofia yake, akaondoka. Nilimwonea huruma alipokuwa ameshafika mbali, na sikumwita.

Siku ya kuanua matanga, wageni walipokuwa wamepungua, jirani yetu alinijia nyuma ya nyumba. Alikuwa bado hajasimulia kwa mtu. Alikuwa ameibeba habari ile tangu Jumanne na ilikuwa inamla.

Alisema walikuwa wanateremka pamoja, kaka mbele. Nyuma ya kona ya kwanza tu kulikuwa na lori limeishiwa mafuta, limesimama katikati ya njia yao, dereva hajaweka hata majani ya kuonya. Nafasi ya kusimama ilikuwepo, si kubwa, lakini ilikuwepo. Yeye mwenyewe alikandamiza soli, akasimama.

"Yeye hakutoa muguu, dada. Nilimwona. Alikaza mapaja yote mbili, akasukuma pedali nyuma. Ikazunguka bure. Akasukuma tena. Kama mutu anafanya kitu alishafundishwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hata hakuogopa. Alikuwa anajua velo itasimama."

Nilimwambia asante. Sijui kwa nini mtu husema asante kwa kitu kama hicho.

Alitazama huku na huku. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, pembeni ya jiko. Kisha akalitoa lililomleta, kwa aibu, kwa sauti ya chini. Nafasi ya kambi sasa iko wazi. Kocha amesema si lazima ipotee, na anatafuta miguu ya mlimani. Yeye ana mke na watoto. Jumapili anataka kuanza. Aliomba nimfundishe, kwa kuwa nilimfundisha kaka na akaweza. Mlima angeendelea nao kidogo kidogo, mpaka karatasi zitoke.

Niliingia ndani, nikachukua kandambili mahali nilipozificha chini ya kitanda, nikatoka nazo kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa amenipa mgongo, anachokoachokoa makaa kwa kijiti. Nilisimama nyuma yake.

"Feri!"

Mguu wake wa kulia uliruka nyuma, ukakwaruza ardhi, ukachimba mfereji mdogo kwenye vumbi. Aligeuka ameshtuka, karibu aanguke. Nilikaa chini pale pale, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, nikiushika ule mguu kwa mikono yote miwili, na yeye hakujua aufanye nini.

"Pista usije," nilimwambia nilipoweza kusema. "Nikikuona pale nitakufukuza na mawe."

Kisha nikamvalisha kandambili ya kulia, kuona kama inamtosha.